Farida na Namba ya Kuthibitisha

Kila siku akitoka shule, Farida huvua sare, hula muhogo wake, kisha huchukua simu ya kaka yake Ismaili na kupanda kilimani. Kwao Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma, simu hushika mtandao wa Msumbiji. Ujumbe wa Tanzania haufiki mpaka mtu apande juu.

Jumatano hiyo alitumwa kupokea namba moja tu. Ismaili alikuwa amefaulu kidato cha sita na kupata nafasi mbili: udaktari katika chuo binafsi na ufamasia katika chuo cha serikali. Alichagua ufamasia. Bila namba ya kuthibitisha, nafasi hiyo ingepotea saa kumi na mbili jioni.

Njiani alikutana na Beatriz, mwenzake wa darasa la sita.

"Mdogo wake Dokta!" Beatriz alimtania. "Nikiumwa nitibiwe bure, sawa?"

Farida alicheka kwa shida. Darasa zima alikuwa amelitangazia udaktari. Sasa aseme kaka yake atauza dawa dukani?

Kilimani simu ililia. Namba ilikuwa imefika. Farida aliitazama, akaizima simu, akaitia mfukoni, akateremka.

"Haijaja," alisema. "Imeshika Msumbiji."

Hakuna aliyemshuku. Mtandao ule umeshawapotezea wengi ujumbe.

Mama alikuwa akichambua korosho, nzuri huku, mbovu kule. Mikono haikusimama.

"Saa kumi na moja na nusu," alisema. "Ufamasia ukipotea, unabaki udaktari, maana chuo binafsi bado kinapokea. Basi tuhesabu. Ni miaka mitano badala ya minne. Mkopo wa serikali hautamaliza ada ya chuo binafsi, inayobaki ni yetu. Na mkopo si sadaka. Ukianza kazi, kila mshahara unakatwa mpaka uishe."

"Mama, naweza kungoja mwakani," Ismaili alisema.

"Hungoji. Naweka rehani mikorosho kwa Bwana Saidi, atukopeshe. Avune yeye misimu mitano."

"Na nyie mtakula nini?"

"Tutalima vibarua."

Ismaili aliinamisha kichwa. "Udaktari ni kazi kubwa, Mama, lakini mimi napenda dawa. Bibi alipokuwa akinywa dawa mbili zisizopatana, mfamasia ndiye aliyegundua. Tangu siku ile nilijua ninachotaka."

Farida hakuwahi kulisikia hilo. Mama alikuwa ameshasimama na kujifunga kitenge aende kwa Bwana Saidi.

"Mama, usiende! Namba imekuja. Nimeificha."

"Umeificha? Kwa nini?"

"Nilijitapa shuleni kwamba kaka atakuwa daktari. Niliona aibu."

"Aibu!" Mama alifoka. "Mikorosho aliyoipanda marehemu baba yako iende kwa mtu kwa sababu ya aibu yako? Tutazungumza baadaye. Sasa kimbia!"

Walipanda kilima mbio wote watatu, mama mbele, kitenge amekikunja hadi magotini. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Ismaili aliandika namba, akakosea, akaandika tena. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukafunguka: *Umethibitishwa kusoma ufamasia.*

"Tayari!" Ismaili alipiga kelele. Mama alipiga kigelegele kilichowafanya watu watoke majumbani kutazama. Farida alilia na kucheka kwa pamoja. Kaka yake alimnyanyua juu.

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe. Ila ulinitoa jasho, wewe!"

Mama alivuta pumzi, akamshika bintiye bega.

"Sikiliza, Farida. Daktari tunamhitaji, na mfamasia tunamhitaji. Anayechagua ni yule atakayeisoma kazi hiyo na kulipa deni lake, si wewe wala darasa lako. Kesho utawaambia wenzako ukweli kwa mdomo wako mwenyewe. Uongo wako ulitaka kutugharimu misimu mitano. Ukweli umeiokoa kwa dakika moja, na kwa hilo umefanya vizuri. Siku nyingine usingoje mpaka nijifunge kitenge."

Kisha akageuka, akateremka kwa hatua ndefu, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba mwanawe anakwenda chuo kikuu.