Shira ya Yaimara

Kila Ijumaa darasa la mwalimu Eneida lilifunga madirisha na kufanya majaribio. Safari hii ilikuwa zamu ya sukari. Kila mtoto alitoa kijiko kimoja kutoka mgao wa nyumbani, na tangu kiwanda cha miwa kifungwe, kijiko cha sukari pale kijijini hakikuwa mchezo. Osniel na Yaimara ndio waliochaguliwa kupika shira. Jana yake waligawiwa sukari sawasawa, kila mmoja akapike kwao na kuongeza maji hadi kwenye alama ya chupa.

Mwalimu aliwasha tochi ya leza. Nuru ilipenya kioo cha miwani maalumu ya jua, kinachopitisha nuru ya mwelekeo mmoja tu, ikapita kwenye chupa na kioo cha pili, ikatua ukutani kama nukta nyekundu. Walianza na maji matupu, wakageuza kioo cha pili na kukitia alama pale nukta ilipotoweka. Sukari huizungusha nuru. Ikiwa nyingi, kioo cha pili hugeuzwa zaidi ili nukta ipotee. Kwa shira ya Osniel, kioo kiligeuzwa sana. Kwa ya Yaimara, kidogo tu.

"Mwizi!" Osniel akaropoka. "Umekula sukari yetu!"

"Koma we! Niliitia yote!"

"Basi bibi yako kaitia kwenye kahawa."

Darasa likaangua kicheko. Kwa hasira, Yaimara akanyakua chupa ammwagie.

"Weka chini!" mwalimu alifoka. "Uliipikaje?"

"Kama bibi anavyopika! Nikachemsha, nikakamulia ndimu isigande."

Mwalimu akaichukua shira ya Osniel hadi jikoni mwa shule, akaikamulia ndimu, akaichemsha kwa muda mrefu. Ilipopoa, akaongeza maji hadi kwenye alama. Wakapima tena. Safari hii kioo kiligeuzwa kidogo tu.

"Ndimu na moto huivunja sukari ikawa sukari za namna mbili," alisema, "na moja huizungusha nuru kinyume. Hakuna aliyeiba."

"Nisamehe, Yaimara," Osniel alinong'ona.

"Mbona unanong'ona? Mwizi ulisema kwa kelele! Na bibi yangu je?"

Osniel akarudia kwa sauti, uso umemwiva.

"Na leo utakwenda kwa bibi yake kumwomba radhi," mwalimu alisema, bado amekunja uso. "Uliona nukta, ukadhani umemwona mwizi. Na nyinyi mliocheka, mlimsaidia. Siku nyingine ulizeni kwanza. Sukari tutapata tena mgao ukija. Jina la mtu likichafuliwa, halina mgao."