Ulimi wa Saba

Stendi ilifurika watu, kila mmoja akisukuma mwenzake, na kinanda cha mdomo kikamponyoka mshonaji. Kiatu cha mwanamume mmoja kikatua juu yake.

"Kaka, umemkanyaga baba yangu."

Mwanamume akainama, akakiokota. Alikuwa fundi saa, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. "Nipe siku nne nimuuguze mzee. Na namba yako, nikueleze hali ya mgonjwa."

Akawa anapiga simu kila jioni. Ubao ulioatuka ameuunganisha. Kutu imetoka. Ndimi za shaba, vile vipande vyembamba vinavyotoa sauti, zote zimepona. Kufikia siku ya tatu habari za mgonjwa zilikuwa fupi na simu ndefu. Mshonaji akamwimbia wimbo wa marehemu baba yake. Akamwambia pia kuwa kaka yake mkubwa anakiita takataka kinanda alichoachiwa na baba, anataka kitupwe, na kwamba ameshamchagulia mume, mwenye maduka matatu.

Siku ya nne alivaa gauni la zambarau aliloshona mwenyewe, akaenda kwa fundi kukichukua. Akapuliza wimbo, akaishia katikati.

"Ulimi wa saba umeufanya nini?"

"Sauti yake ilikuwa chini. Nimeipandisha," fundi alijibu kwa fahari.

"Baba alikipiga hivyo miaka yote. Wewe na kaka yangu hamna tofauti, kila kitu mnataka kukinyoosha."

Akakiacha mezani kwa fundi, akaondoka. Wiki nzima hakupokea simu zake.

Jumapili mwenye maduka na wazee wake walikuwa sebuleni fundi alipobisha hodi. Kaka akamwambia humu hamna saa mbovu. Fundi akanyoosha mkono wenye kinanda, akampita kaka kwa macho, akamtazama mshonaji.

"Ulimi ukiukwangua nchani, sauti hupanda. Ukiukwangua shinani, hushuka. Nimekwangua shina siku sita, nikifuata ulivyoimba. Siku ile ulipoimba kwenye simu nilidhani huna sikio la muziki."

Mshonaji akakipokea, akapiga. Sauti ya saba ikashuka pale pale baba alipoiacha.

"Acha hizo kelele," kaka alinong'ona. "Wageni wanasikia."

"Ndiyo maana napiga."

Akaumaliza wimbo wote. Kisha akawaambia wageni wamalize chai yao bila haraka, ila mume ameshajichagulia, na yuko mlangoni, kama atakubali.

Fundi alikubali kabla hajavuta pumzi, akainua mguu aingie.

"Vua viatu kwanza," mshonaji alisema. "Ulishamkanyaga baba mara moja."