Tela la Salumu Linalia

Salumu wa Mlingotini akiamka husema "Bismillahi" kwa sauti kubwa. Hakuna wa kumsikia. Husema hivyo ili nyumba isikae kimya mno.

Mkewe, Esha, alikwishafariki. Binti yao, Hafidha, ameolewa Fukayosi. Ana watoto, ana shamba la mananasi, na huja sikukuu kwa sikukuu. Basi Salumu hupika chai yake mwenyewe, huinywa mwenyewe, kisha huosha kikombe kimoja. Hata mtu wa kugombana naye hana. Usicheke, msomaji. Kugombana nako ni mazungumzo, na asiyekuwa nayo anajua thamani yake.

Siku za bamvua Salumu hubadilika. Siku hizo bahari hupwa mbali, na wanawake hushuka kuvuna mwani. Salumu huvaa shati safi. Huwasha pikapu yake kuukuu, hufunga tela nyuma, na kuteremka ufukweni.

Alikuwa na mtindo wake. Alilirudisha tela kinyumenyume mpaka majini, magurudumu yakazama. Wanawake walipakia mwani mbichi palepale, bila kuubeba kichwani. Kisha Salumu aliuvuta mzigo hadi kwenye chanja, zile meza za miti za kuanikia mwani. Ukikauka, aliupeleka ghalani Bagamoyo mjini.

Wanawake wale walikuwa mashoga wa marehemu Esha. Mkubwa wao alikuwa Wahida, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri.

"Shemeji," Wahida alimwambia siku moja, "shati hilo umepiga pasi au umelilalia?"

"Nimelilalia," Salumu akajibu. "Pasi ni ya dada yenu. Sijui kuiwasha."

Wanawake walicheka sana. Salumu naye alicheka. Kicheko hicho alikwenda nacho nyumbani, akakaa nacho jioni nzima.

Sasa sikiliza. Tela lile lilikuwa linalia. Kwii, kwii, kwii, kila gurudumu likizunguka. Wanawake walilisikia kutoka mbali, wakaambizana, "Huyo anakuja!" Na Salumu aliipenda sauti ile. Katika barabara ya kwenda mjini, akiwa peke yake kwenye pikapu, ilikuwa kama mtu anayeongea nyuma yake.

Jamani, chuma hakilii kwa kuimba. Chuma kikilia kinaumwa.

Salumu hakulipuuza kabisa. Yeye ni mtoto wa wavuvi. Babu yake alipaka mashua mafuta ya papa, na baba yake vilevile, na mashua zao zilidumu. Basi Salumu alichukua kopo la mafuta ya papa akamimina kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Alijisemea, "Chombo kinachoingia baharini dawa yake ni hii." Kelele zilipungua, kisha zikarudi. Akamimina tena.

Asubuhi moja alikuwa anateremka ufukweni, tela likiwa na magunia matupu ya kutilia mwani. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Alitazama kwenye kioo akaona moshi. Kabla hajakanyaga breki, tela liliinama upande mmoja likaanza kuchimba mchanga. Gurudumu la kushoto likamtangulia. Lilikwenda peke yake, likidunda, likiteremka moja kwa moja kwenye chanja za wanawake.

Wahida alikuwa amekaa mkekani, akichambua mwani. Aliinuka kwenda kuchukua kamba. Alipogeuza mgongo tu, gurudumu likapita juu ya mkeka, likaipiga chanja yake, likaivunja.

Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna aliyecheka.

Wahida alitazama mkeka wake. Alimtazama Salumu aliyekuwa anakimbia kuja, anahema.

"Wahida, nisamehe. Sikujua..."

"Hukujua? Tela linapiga kelele Mlingotini nzima, wewe hukujua?" Sauti yake ilitetemeka. "Salumu, ningekuwa marehemu sasa hivi. Tela hili lisije tena hapa. Mwani tutabeba vichwani, kama zamani."

Hakumwita shemeji.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Bamvua nyingine ilikuja. Salumu alikaa ndani akiwasikia wanawake wakipita njiani na matenga yao. Sauti zao zilifika kwenye ukuta wake, zikaendelea mbele. Msikitini watu walimwamkia vizuri, kisha kila mtu akaenda kwake. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemtembelea. Usiombe upweke wa namna hiyo. Salumu aliacha hata kusema Bismillahi kwa sauti. Aliisema moyoni tu, akanyamaza.

Tela alilivuta kwa taabu hadi uani, limeegemea upande kama kuku aliyevunjika mguu.

Ng'ambo ya ua alikaa Abdulrazak. Alikuwa dereva wa malori makubwa yenye matela. Alipostaafu alitoka Vigwaza akaja kupanga Mlingotini, kwa sababu daktari alimwambia apumzike mahali penye utulivu. Utulivu aliupata, tena mwingi kuliko alivyotaka. Yeye na Salumu walikuwa majirani wa "Salaam aleikum, waaleikum salaam", basi.

Siku moja Abdulrazak alichungulia juu ya ua.

"Salaam aleikum, jirani."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hilo tela unalifuga au litapona?"

Salumu alilitazama. "Nafikiri kuliuza chuma chakavu."

"Na gurudumu la pili, umelifungua ukaliona?"

"Hilo ni zima, kaka. Halijatoka."

"Halijatoka *bado*," alisema Abdulrazak. "Ngoja nije. Una jeki? Una mafuta ya taa? Na usiniletee kopo lile la papa, nimelinusa tangu nihamie."

Abdulrazak alikuja na spana zake. Kwanza hakugusa gurudumu. Alitazama ardhi.

"Hapa pana mchanga. Jeki itazama. Tulisogeze pale pagumu, palipo sawa." Walilisukuma. Akasema, "Sasa tela lifungwe kwenye pikapu, na breki ya mkono ivutwe. Weka mawe kwenye matairi ya pikapu, lisitembee."

Walilegeza nati kidogo tela likiwa bado chini. Kisha Salumu akalinyanyua kwa jeki, akataka kuingiza mkono chini ya tela.

"We! Toa mkono!" Abdulrazak alifoka. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuamini. Weka magogo kwanza chini ya ekseli, hicho chuma kinachoshika magurudumu. Nimemzika mwenzangu kwa kosa hilo."

Salumu aliweka magogo.

"Sasa lizungushe kwa mkono. Sikiliza."

Gurudumu lilizunguka kwa kukwaruza, kama mtu anayesaga chumvi ya mawe. Abdulrazak alilishika juu na chini, akalitikisa. Lilicheza.

"Hili ndilo zima lako?"

Walilitoa. Abdulrazak akagonga kifuniko cha habu, akakitoa, akachomoa pini na kufungua nati ya katikati. Yakatoka maji ya rangi ya kutu, yananuka samaki. Ndani yake mlikuwa na beringi mbili. Beringi ni pete yenye vyuma vidogo vya mviringo, na hivyo ndivyo vinavyolifanya gurudumu lizunguke kwa ulaini. Hizi zilikuwa zimeliwa na kutu.

Salumu alikaa chini. "Lakini kaka, mimi nilipaka mafuta. Babu yangu alipaka mashua maisha yake yote."

"Babu yako alikuwa sawa. Mbao inataka mafuta ya kuizuia isinywe maji. Lakini mashua ya babu yako ilikuwa inazunguka?"

Salumu alicheka bila kutaka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu siku ile.

"Hiki ni chuma kinachozunguka juu ya chuma," Abdulrazak aliendelea. "Kinapata moto. Mafuta mepesi yanayeyuka na kutiririka, yanakiacha kitupu. Kinataka grisi, tena ile isiyochukuliwa na maji. Halafu kuna jambo la pili. Ukitoka safari, habu ni ya moto. Ukiitosa baharini inapoa ghafla, inavuta maji ya chumvi ndani. Hapo kutu inaanza kazi, na wewe huioni."

"Kwa hiyo kulia kule..."

"Kulikuwa kuomba msaada. Moshi ndiyo kilio cha mwisho. Gurudumu linalolia, linaloyumba au linalonuka, unasimama palepale. Huendi hata mpaka dukani."

Salumu akasema polepole, "Nilikuwa naipenda ile sauti. Nikiwa njiani peke yangu, niliona kama nina mtu."

Abdulrazak hakumcheka. Alifuta mikono yake kwenye kitambaa.

"Mimi nilikuwa naongea na injini," alisema. "Miaka yote barabarani. Tufanye kazi."

Walikwenda Bagamoyo mjini na beringi za zamani mfukoni, ili muuza vipuri asome namba zake na kutoa zinazolingana. Walinunua za magurudumu yote mawili, pamoja na sili mpya, zile pete za mpira zinazozuia maji na vumbi. Ncha ya ekseli ya kushoto ilikuwa imeharibika. Hiyo hawakuijaribu wenyewe. Waliipeleka kwa fundi akaibadilisha.

Waliporudi, Salumu aliosha habu kwa mafuta ya taa, akazifuta zikakauka. Abdulrazak alimfundisha kuweka grisi kiganjani na kuisukuma ndani ya beringi mpaka itokee upande wa pili.

"Nati hii ya katikati usiikaze kwa hasira," alisema. "Kaza huku unazungusha gurudumu. Likianza kuwa zito, legeza kidogo tu. Lizunguke kwa uhuru, lakini lisicheze. Weka pini mpya, hii ya zamani tupa."

"Na nati za gurudumu?"

"Hizo kaza sawasawa. Kaza hii, kisha ya ng'ambo yake, usifuate duara. Malizia tela likiwa limeshuka chini. Ukienda mwendo mfupi, simama uzikaze tena. Upepo wa matairi upime asubuhi, kabla ya safari, na pande zote ziwe sawa. Tairi lenye nyufa litoe, hata kama bado lina meno."

Salumu alilizungusha gurudumu. Halikusema neno. Alilitazama likizunguka kimya, na kwa kweli aliona huzuni kidogo.

Kesho yake alichukua miti na kamba, akaenda kwa Wahida. Alibisha hodi, akakaribishwa kwa sauti baridi.

"Nimekuja kutengeneza chanja," alisema. "Sikuja kuomba kazi."

Wahida alimwacha atengeneze. Alipomaliza, mwanamke yule akasema, "Tangu siku ile nikikaa mkekani, nageuka nyuma. Unajua hilo?"

"Sasa nalijua," Salumu alijibu. "Na ulikuwa na haki kunifukuza. Tela limetengenezwa. Lakini usiniamini mimi kwa maneno. Njoo ulione."

Wahida alikuja, na wenzake nyuma yake. Salumu alivuta tela lenye mzigo kwenda barabarani na kurudi. Aliposimama, aliweka kiganja chake kwenye habu ya kushoto, kisha ya kulia.

"Hivi ndivyo nitakavyofanya kila nikisimama," alisema. "Ikiwa na vuguvugu, ni kawaida. Ukishindwa kuacha mkono hapo, kuna ugonjwa. Lakini sogeza mkono taratibu, usijiunguze."

Wahida aliweka mkono wake. Aliuacha pale kwa muda mrefu. Kila mtu alisubiri.

"Vuguvugu," alisema.

"Kuna masharti lakini," akasema Salumu. "Tela haliingii tena majini. Litasimama kwenye mchanga mgumu, na mwani tutaubeba mpaka hapo. Na mtu hapandi juu ya mzigo. Mwani upande, watu watembee. Kazi ikiisha naliosha kwa maji ya kisima."

"*Tutaubeba*?" Wahida alimkazia macho. "Wewe na nani?"

"Mimi na nyinyi."

"Mgongo huo?"

"Mgongo huuhuu."

"Haya, shemeji. Tutaona."

Bamvua iliyofuata Salumu hakukaa kwenye usukani kusubiri. Alikunja suruali, akabeba matenga pamoja na wanawake, akaanguka kwenye tope mara ya kwanza, wakamcheka mpaka wakakaa chini. Mgongo ulimuuma. Mwani wote ulifika kwenye chanja, na magurudumu yalirudi yakiwa na vuguvugu tu.

Mchana Wahida alipakua wali kwa samaki wa nazi. Alimsogezea Salumu sahani, akamwonyesha mahali pa kukaa, kati ya watu. Salumu alikaa. Alishika tonge, akashindwa kulipeleka mdomoni. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Kula, shemeji," Wahida alisema kwa upole. "Esha angetugombeza, kukuacha vile."

Salumu alikula. Kisha akauliza, "Wahida, kuna sahani nyingine? Ya kupeleka."

"Ya nani?"

"Jirani yangu."

Wahida hakuuliza zaidi. Alijaza sahani, akaifunika kwa kawa.

Salumu aliishika kwa mikono miwili hadi nyumbani. Hakuchungulia juu ya ua. Alizunguka mpaka mlangoni, mahali ambapo hakuwahi kusimama hata siku moja.

"Hodi, kaka!"

Sauti ya Abdulrazak ikatoka ndani, nzito, kama ya mtu ambaye hajaongea tangu asubuhi.

"Nani tena? Tela limeharibika?"

"Tela zima. Nimeleta chakula."

"Nani kakwambia sijala?"

"Umekula?"

Kiti kilikwaruza sakafuni. Nyayo zikaja polepole, na kitasa kikafunguliwa.

"Sijala," alisema Abdulrazak. "Ingia."