Ramani Isiyo na Maji

Wimbi la tatu liliipindua boti mbele ya mtaa wa Kasenga, saa tisa mchana, na mota iliyokuwa bado inazunguka ikampasua Achille, mwendesha boti, paja. Magunia ya unga wa muhogo yalizama kwanza. Honorine, mwenye magunia, hakujua kuogelea. Alishika jerikani tupu kwa mkono mmoja na shati la Achille kwa mwingine, mpaka ziwa likawabwaga juu ya ukuta wa nyumba iliyozama. Hapo maji yaliwafika kiunoni.

Honorine alilifunga paja la Achille kwa kitenge. Damu haikusikia. Simu ilikuwa shingoni mwake, ndani ya mfuko wa plastiki, akapiga namba ya dharura.

"Ni Claudette. Ninakuona," alisema mpokea simu kituoni, macho kwenye ramani ya kompyuta. "Muko mu avenue. Ambulansi inakuja. Mubaki palepale."

"Tuko mu maji, mama! Tuma boti!"

"Lakini karte inaonyesha barabara."

Kumbe ramani ilichorwa kabla ziwa halijapanda na kumeza mitaa. Watu wanakufa maji, yenyewe inawaweka nchi kavu! Nusu saa baadaye gari lilisimama ukingoni, mita mia mbili kutoka kwao. Wauguzi wakapunga mikono. Boti hawakuwa nayo, na Achille alishaanza kutetemeka.

"Uniache, mama Honorine."

"Nyamaza. Shika shingo."

Kila upande wa barabara hiyo kulikuwa na vyoo na visima vilivyozama, mashimo yasiyoonekana. Honorine aliibana simu ndani ya kitambaa cha kichwa. "Claudette, kama unaona barabara, unitembeze humo. Nikitoka, useme."

Wakashuka. Maji kifuani, mawimbi usoni, Achille mgongoni.

"Kuume kidogo. Simama! Kushoto. Endelea."

Claudette alikuwa analia, ila hakukosea hata mara moja.

Katikati ya njia mikono ya Achille ililegea. Honorine akauma mkono wa shati lake kwa meno, akaendelea kumburuta.

Wauguzi waliingia majini mpaka magotini, wakampokea. Mmoja alimgusa Achille shingoni, kisha akainamisha kichwa.

"Mumefika?" Claudette aliuliza.

Honorine alikaa kwenye matope, akatema uzi wa shati.

"Miye nimefika," alisema. "Sasa weka maji mu karte yako."