Shahidi wa Shimo la Bondeni

Mnanichosha. Kila mkimaliza kula, "Bibi, tuambie ya baba na gofu." Aibu ya nyumba hii mmeigeuza karanga za kutafuna. Haya, kaeni. Atakayekosa usingizi shauri yake.

Baba yenu, mkwe wangu, alipenda kucheza peke yake. Alidai wenzake wana kelele. Mimi nilijua: ukiwa peke yako, hakuna wa kukwambia umekosea.

Sasa mchezo wao una sharti. Ukiutumbukiza mpira shimoni kwa pigo moja tu, unapewa kombe na jina lako linachorwa ukutani. Ila lazima awepo aliyeona. Bila shahidi, ni kama hukupiga.

Jumapili alicheza peke yake. Jioni yake mzee mkata nyasi wa uwanja akaanguka, akafa. Kesho yake mkwe akaenda klabuni amevaa uso wa msiba. Akasema jana alitumbukiza kwa pigo moja, shimo la bondeni, na marehemu aliona.

"Hata alinipigia makofi, masikini."

Wakaamini. Nani angemuuliza maiti?

Siku ya kombe ilipokaribia, mama yenu akanituma jioni nikamwite aje kula. Uwanja uko nyuma ya nyumba. Nikapenya kwenye ua. Jua lilishazama. Nikasikia mashine ya kukata nyasi...

Ikazima.

Harufu ya petroli. Harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Lakini nyasi zilinifika kwenye vifundo. Hazijaguswa tangu yule afe.

Penye bendera ya shimo la bondeni alisimama mtu wa ovaroli, amenipa mgongo.

"Wewe ni mama mkwe wa yule?" akanong'ona.

"Ndiye mimi. Wewe nani?"

"Naulizwa huko, mama... Naulizwa niliona nini. Sikuona kitu."

"Huko wapi?"

"Sipiti mpaka nijibu. Mwambie aje aniambie niliona nini."

Akageuka.

Kwenye matundu ya macho mlikuwa na nyasi. Mbichi. Zinakua.

Sikupiga kelele, miguu ndiyo iliyoamua. Mkwe nilimkuta kwenye kibanda cha uwanjani, amekaa chini, amekumbatia mfuko wake wa fimbo.

"Na wewe umemwona?" akauliza.

"Si alikupigia makofi?"

Akaangua kilio. Mwanamume na kitambi chake!

"Mama, nifichie. Watanicheka."

"Mkeo atakuchoka kabla hawajamaliza kucheka. Kaseme."

Hakusema. Siku ya kombe ukumbi ulijaa, na mjane wa mkata nyasi wakamkalisha mbele, ati mumewe aliona ajabu kabla hajafa. Mkwe akanyanyua kombe, anatabasamu. Madirisha yote yamefungwa...

Harufu ya petroli ikaingia.

Kombe likamtoka mkononi.

"Hakuona," akasema. "Hakukuwa na cha kuona. Nilidanganya."

Mjane akasimama, akatoka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama yenu alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mlidhani yaliishia hapo? Tangu siku ile macho yake yanaona kila kitu isipokuwa mpira. Daktari kayapima, mazima. Anasoma gazeti, ananitungia uzi kwenye sindano. Mwekee ule mpira mweupe kiganjani, anaupapasa kama kipofu. Na kuacha hawezi. Jioni ikifika, miguu inampeleka yenyewe. Namfuata mimi, mama mkwe mzima, niwe wa kumwambia umeangukia wapi. Yeye aliyekuwa hataki mtu karibu, sasa hapigi hatua mpaka aambiwe na mwingine.

Juzi alipiga. Nilikuwa bado sijafungua kinywa.

"Asante, mzee," akaitikia, akashuka bondeni.