Nzuri ya Uongo

Kila Jumanne alipotoka shule, msichana aliyeitwa Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyotulia, alimkuta mama yake amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Cha pili kilikuwa pale pale sakafuni, lakini mama alikitazama kana kwamba kiko ng'ambo ya mto. Chiriku alipiga magoti, akamvisha, wakatoka kwenda zahanati.

Mama alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa. Sasa vitambaa vya wateja vilirundikana juu ya mashine, na vumbi juu ya vitambaa. Hakuna aliyefariki. Hakuna aliyemkosea. Daktari alisema ni sonona, ugonjwa unaozima moyo. Shangazi alisema ni uvivu.

"Na huko zahanati kwa mshauri," shangazi alimwonya Chiriku, "ulimi wako utie kufuli. Aibu ya nyumba haianikwi kama nguo!"

Kwa hiyo mshauri alipouliza, "Habari za wiki, dada?" mama akiwa bado anaitafuta sauti, Chiriku alidakia:

"Nzuri!"

"Analala?"

"Fofofo!"

"Na yale mawazo mabaya, anayapinga kama tulivyofundishana?"

"Anayachapa hasa!"

Mshauri alicheka. Mama aliinamisha kichwa, ikaonekana kama anakubali.

Jumanne moja mshauri akasema, "Kwa maendeleo haya, dada, wiki ijayo tunaweza kuagana."

Nje ya lango miguu ya mama ilikataa. Akaketi ukingoni mwa barabara, vumbi likimrukia usoni.

"Mama, hapo si sebuleni!" kijana wa mkokoteni alimtania akipita.

Mama hakumsikia. Alisema polepole, "Mwanangu, kama hii ndiyo nzuri, basi mimi sitapona."

Chiriku akashtuka. Alidhani anamsitiri mama, kumbe anamfungia mlango! Akamwomba fundi viatu wa langoni amwangalie mama, akarudi ndani mbio.

"Nimekudanganya!" alilia. "Hali chakula. Halali usiku. Jana alilia akitafuta uzi, na uzi ulikuwa mkononi mwake!"

Mshauri hakumkaripia. Alitoka, akaketi vumbini kando ya mama.

"Nisamehe, dada. Swali lilikuwa lako, nami nikapokea jibu la mtoto."

Mama akaanza kulia, kilio kirefu kisicho na maneno. Walimwacha alie.

Kisha mshauri akamgeukia Chiriku. "Sonona ina njia nyingi za kutibiwa kwa mazungumzo. Ipo ya kuchunguza mawazo, ambayo tumeitumia. Ipo ya kuanza na kazi ndogondogo hata moyo usipotaka. Ipo ya kutengeneza uhusiano na watu wa karibu. Watafiti wamezilinganisha, wakaona nyingi husaidia kwa kiasi kinachokaribiana. Lakini inayomfaa jirani huenda isimfae mama yako. Nitajuaje kwamba nibadilishe njia, nikiambiwa kila kitu ni kizuri?"

Wakaanza upya na kazi ndogondogo. Kwanza mama alifungua dirisha tu. Baadaye akatunga uzi kwenye sindano. Siku nyingine alishindwa hata hilo, akarudi kitandani akigeukia ukuta, na Chiriku akajifunza kunyamaza ili mama aliseme mwenyewe kwa mshauri.

Miezi ikapita. Asubuhi moja cherehani ililia. Mama alishona kola moja ya shati, akachoka, akaacha. Shangazi alisimama mlangoni akiitazama ile kola.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuita mvivu."

"Uliniita," mama alijibu. "Na iliniuma."

Akamvuta karibu Chiriku, aliyekuwa ameanza kulia, akamfuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

"Siri ya mgonjwa haipelekwi sokoni, mwanangu. Lakini haifichwi kwa anayemtibu."