Vidonge vya Bi Mahfoudha na Sanduku la Unguja

Nyumbani kwetu Ghubra, huku katika nchi ya Waarabu, sanduku la Unguja halifungwi. Liko wazi kwenye kona ya sebule mwaka mzima. Akitokea mtu anasafiri kwenda kwetu Unguja, mama yangu, Bi Mahfoudha, hulijaza: tende, halua, manukato, kanzu za wajukuu. Mimi, Manal, hupiga kelele kila safari.

"Mama, jamani, mizigo ya watu ina kipimo!"

"Kutoa ni moyo, mwanangu," hunijibu. Basi, nabeba mzigo. Nani atashindana na Mama?

Mama ana presha. Kila asubuhi, baada ya chai na mkate wa ufuta, hula kidonge kimoja. Kituo cha afya cha mtaani kwetu humpa vidonge vya miezi miwili. Kwenda kuvichukua ni kazi yangu. Na niseme kweli, kazi hiyo nikiifanya ovyo. Mpaka boksi liishe kabisa, ndipo nikimbilie dirisha la dawa, funguo za gari mkononi.

Jumapili moja asubuhi, Jamirah alinifuata jikoni. Jamirah ni binti wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumbani. Hasemi sana, lakini jicho lake halipitwi na kitu.

"Madam, samahani. Mama Kubwa alikuwa anakata dawa na kisu. Nusu leo, nusu kesho. Na tangu Ijumaa hajameza kitu. Boksi ni tupu."

"Tangu Ijumaa! Na wewe ukanyamaza?"

"Alinikataza, madam. Lakini jana alishika kichwa siku nzima. Leo nimeogopa."

Nilitaka kumgombeza. Nikajikuta namshukuru.

Nilimkuta Mama amekaa kitandani, amejifunga mtandio kichwani kwa nguvu.

"Si kitu," alisema. "Upepo tu huu."

"Upepo gani, Mama? Vaa buibui, twende!"

Kituoni tulipokewa na muuguzi Rawya. Mamake naye ni mtu wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha nyumbani.

"Shikamoo, Bi Mahfoudha."

"Marahaba, mwanangu."

Rawya alimfunga mpira wa kupimia mkononi. Akatazama kipimo, akapima tena.

"Iko juu sana," alisema. "Mkono una ganzi? Uso je? Maneno yanakutatiza?"

"Hapana. Kichwa tu."

"Alhamdulillahi. Ungekuwa na moja katika hayo, msingekuja kwangu. Mngekimbilia hospitali kubwa, bila kungoja."

Mwenzenu nikavuta kiti, nikakaa.

Rawya alifungua kompyuta. "Mbona vimekwisha mapema? Vidonge vyenu vilitakiwa vifike mwezi ujao, tarehe kumi."

"Vilianguka majini," Mama alijibu haraka.

"Maji gani, Mama?" nikauliza.

Rawya akainuka, akafunga mlango.

"Bi Mahfoudha, mimi si askari. Nambie tu, nipate kukusaidia."

Mama alitazama mikono yake. Machozi yakaanza kumtoka.

"Nampelekea Zuwena, mdogo wangu, kule Unguja. Na yeye ana presha. Mimi hapa napewa kwa wepesi, yeye yuko peke yake. Nile mwenyewe, ndugu yangu akose?"

Kumbe! Chini ya tende na halua, vidonge vilikuwa vinasafiri. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeibeba mizigo hiyo hadi uwanja wa ndege!

"Moyo wako mzuri," Rawya alisema. "Lakini dawa si tende, tukala sote sahani moja. Dawa hii daktari ameipima kwa mwili wako. Mdogo wako labda ana dawa zake. Akichanganya na zako, presha yake inaweza kushuka ghafla, akaanguka."

Uso wa Mama ukabadilika.

"Akaanguka? Manal! Mpigie mama mdogo wako! Sasa hivi!"

Nilipiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nikapiga tena, nikafungua sauti, Mama akaita.

"Dada! Kuna nini asubuhi hii?" Ilikuwa sauti ya Zuwena.

"Zuwena, zile dawa nnazokuletea. Unazila?"

Zuwena alishusha sauti.

"Dada, usinikasirikie. Sikula hata kimoja. Daktari wangu hapa alinikataza. Nna dawa zangu mwenyewe. Zako nimezitia kabatini, zipo zote."

"Sasa mbona nikikuuliza unasema zimefika?"

"Si kweli zimefika? Nlichelea kukuvunja moyo, dada."

Mama alicheka na kulia pamoja. "Ya Rabbi! Mimi huku nakata vidonge kwa kisu, vyenyewe vimelala kabatini!"

Hata Rawya alicheka. Kisha akasogea kwenye simu. "Bi Zuwena, usimpe mtu hizo dawa. Zirejeshe hospitali kwenu, wao wanajua pa kuzitupa."

Daktari alimwona Mama palepale. Alimwandikia vidonge vya kumfikisha tarehe yake, na akamwambia arudi kupimwa baada ya siku tatu. "Na usile viwili kwa mara moja ili kufidia ulivyokosa," alisema. "Kimoja kwa siku, kizima."

Tulipotaka kutoka, Rawya akanigeukia.

"Na wewe, dada Manal, sikusifu. Kila mara unafika dirishani boksi tupu."

Niliinamisha kichwa.

"Skiza. Daktari amempa Mama ruhusa ya dawa ya miezi sita. Ndani ya miezi hiyo huna haja ya kumwona daktari kila mara, unaagiza tu. Piga simu au tuma ujumbe, utaje jina, namba ya kitambulisho na jina la dawa lililoandikwa kwenye boksi. Lakini agiza wiki moja kabla boksi halijaisha."

"Wiki nzima?"

"Daktari lazima apitie, dawa zitayarishwe, na Ijumaa na Jumamosi tumefunga. Mkisafiri, niambieni mapema zaidi. Miezi sita ikitimia, Mama aje apimwe upya. Na dawa zikiisha kabla ya siku yake, msione haya. Njooni siku hiyo hiyo."

Tulirudi nyumbani. Jamirah alichukua kalenda ya jikoni, akahesabu siku, akaizungushia duara jekundu tarehe ya kuagiza. Siku ilipofika, alinisimamia mpaka nikatuma ujumbe. Jumatano nikaitwa, nikachukua boksi bila kukimbia. Presha ya Mama ilikuwa imeshuka tangu kipimo cha siku ya tatu. Siku hiyo nililala usingizi wa kitoto.

Sanduku la Unguja bado liko wazi. Tende zinakwenda, halua inakwenda. Lakini kila asubuhi, baada ya chai, Mama huweka simu mezani na kuifungua sauti.

"Zuwena, umeshika chako?"

"Nnacho mkononi, dada. We?"

"Na mimi nnacho. Haya, bismillahi."

Kisha nasikia maji yakimezwa, huku Ghubra na kule Unguja.